Boriti huozea ukutani

Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Unguja, ni virefu lakini vyembamba; upana wake aghalabu ni kama mita tatu. Mjenzi hakuwa na hiari. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikipita urefu huo hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyoshindiliwa juu yake.

Sifa ya miti ya pwani hii ilivuka bahari zamani. Katika karne ya 10 al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyotoka nchi ya Zanji, yaani pwani hii. Majahazi yaliendelea kushusha boriti Ghuba hadi karne ya 20. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Kule Ghuba mvua ni haba, boriti hukaa kavu. Huku Unguja tuna masika, kisha vuli.

Mkoko ni mti mzito, mgumu, hauozi upesi. Lakini mti wowote ukikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, kuvu huota. Ukishalainika, mchwa nao hupanda kutoka ardhini kwa vijia vyao vya udongo. Fundi hahangaiki kutafuta pa kuanzia: ni ile ncha iliyochomekwa ukutani. Katikati boriti yaweza kuwa nzima kabisa, na huko nchani bisibisi ikazama hadi mpinini, ikatoka na unga.

Maji yalifikaje humo? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wakaingia wapangaji, kila familia na chumba chake. Paa likawa halina mwenyewe. Bati likitoboka, maji hushukia ndani ya ukuta. Halafu ikaja saruji, ambayo mimi naihesabu kuwa adui mkubwa kuliko mchwa: ukuta wa mawe, udongo na chokaa hukauka wenyewe, ila ukiupiga lipu ya saruji umeyafungia maji ndani, pamoja na ncha za boriti.

Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, kubadili boriti zilizooza hulazimu kubomoa sakafu ya chumba cha juu, ambako watu wanaishi. Wengi huegemeza nguzo chini yake, wakangoja.