Tarehe ya Nguo ya Chapa na Pamba ya Ngulyati

Ngulyati ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na wakulima wake, kama walivyo wengi wa Usukuma, hupanda pamba mvua za Novemba zinapoanza kushika na kuivuna kwa mkono kuanzia mwezi Mei. Zao hilo huuzwa likiwa pamba mbegu, yaani nyuzi zikiwa bado zimeshikamana na mbegu, kisha hupelekwa kwenye vinu vya kuchambulia, ambako hutoka pamba nyuzi yenye uzito wa theluthi moja na ushee tu ya ule uliosomwa mizanini. Tarehe hii inahusu safari ya nyuzi hizo baada ya kinu, hasa kuelekea sanaa ya kupiga nguo chapa kwa mihuri ya mbao, ambayo mafundi wa India wanaiendeleza hadi leo katika kanzu fupi za kiangazi ziitwazo kurta, na ambayo pwani ya Afrika Mashariki nayo iliwahi kuifanya.

Katika miji midogo na vijiji kama Bagru huko Rajasthan, Bagh huko Madhya Pradesh na Ajrakhpur huko Gujarat, kitambaa cha pamba huoshwa kwanza ili kuondoa wanga na mafuta, kisha huloweshwa katika maji ya tunda la harda, kwa kuwa ukakasi wa tunda hilo ndio utakaoyanasa madini yatakayofuata. Mchonga mihuri, ambaye kwa kawaida si yule anayepiga chapa, huchora ua au jani juu ya kipande cha msaji na kukichimba kwa patasi ndogo mpaka mchoro usimame. Mpiga chapa huuchovya mhuri katika shabu, au katika maji meusi yatokanayo na vyuma vyenye kutu vilivyovundikwa pamoja na sukari guru, akaubandika juu ya kitambaa kilichotandazwa mezani na kuugonga kwa mkono, safu baada ya safu, akihakikisha kila pigo linaungana na lililotangulia. Shabu yenyewe haina rangi. Uwekundu hujitokeza pale kitambaa kinapochemshwa pamoja na rangi ya mizizi, kwani sehemu zilizopigwa shabu ndizo zinazoinasa rangi hiyo na kuishikilia hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Kila rangi huwa na mhuri wake, na kosa dogo la mhuri wa kwanza huandamana na mihuri yote inayofuata. Hii ni kemia iliyokomaa karne nyingi kabla ya viwanda, na haifai kuitwa kazi ya mikono tu kana kwamba haina elimu ndani yake.

Vipande vya nguo za chapa za Gujarat vilivyofukuliwa Fustat, mji wa kale wa Kairo, vinathibitisha kwamba biashara ya nguo hizo ilikuwa imeenea katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu tangu zama za kati, na nguo za Gujarat zilifika Kilwa na Mombasa kabla ya Wareno. Hata hivyo bara hili halikuwa likivaa nguo za wageni peke yake: vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi vimechimbuliwa Kilwa, na Richard Burton, aliyepita Unyamwezi, jirani ya Usukuma, katika miaka ya 1857 na 1858, alikuta wafumaji wa pamba kwenye vitanda vyao vya mti vya kufumia. Ufumaji huo ulizidiwa na merikani, kitambaa cheupe cha viwanda vya Marekani kilichojaa Unguja kuanzia miaka ya 1830, na ni juu ya kitambaa cheupe kama hicho mafundi wa Unguja walipopiga kanga za mwanzo kwa mihuri ya mbao katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Haukupita muda mrefu kabla ya viwanda vya Uholanzi na Uingereza kuichukua kazi hiyo, vikichapa kwa wingi na kwa bei ambayo mkono haukuweza kushindana nayo.

Pamba ya Usukuma ilikuja kukua wakati mhuri huo ulikuwa umekwisha kunyamaza. Wajerumani waliihimiza, Waingereza wakaipanua kwa mbegu zilizofanyiwa utafiti Ukiriguru, karibu na Mwanza, na uchambuaji ukawa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya India, ambao wakulima waliwalalamikia kwa mizani isiyo ya haki. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani na hatimaye, mwaka 1955, shirikisho lao lililojulikana kama VFCU. Baada ya uhuru vikajengwa viwanda vya Mwatex mjini Mwanza na Urafiki jijini Dar es Salaam, na kwa muda kanga ikachapwa katika nchi ilikolimwa pamba yake, ingawa kwa mashine. Soko huria la miaka ya 1990 lilikuta viwanda hivyo vimechoka, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ikaendelea kuuzwa nje, hasa Asia.

Kwa hiyo kusokota, kufuma, kupiga chapa na kulima kwa ajili ya soko vyote vimewahi kuwapo Afrika Mashariki, lakini kila kimoja kwa wakati wake na mahali pake, na hilo ndilo lililomnyima mkulima wa Ngulyati faida ya jasho lake. Mfano wa kulinganisha uko ndani ya mkoa huo huo wa Simiyu: mradi wa pamba hai wa bioRe, yaani pamba inayolimwa bila viuatilifu vya viwandani wala mbolea za aina hiyo, ulioanzishwa Meatu mwaka 1994, una ndugu yake Kasrawad, Madhya Pradesh. Mkulima wa Kasrawad anaishi katika jimbo moja na wafumaji wa Maheshwar na wapiga chapa wa Bagh, hali mwenzake wa Simiyu hana fundi wa aina hiyo mkoani mwake. Msaji unapandwa Longuza, wilayani Muheza, na katika Bonde la Kilombero, na pamba ipo mlangoni. Anayekosekana Bariadi ni mchonga mihuri na mtu wa kumfundisha, na walimu wa kazi hiyo bado wapo Bagru na Bagh.