Samadi, Kahawa na Pumba: Tija ya Ng'ombe katika Bukoba na Muleba

Wachumi wanapochunguza tija ya mifugo, yaani mazao yanayopatikana kwa kila mnyama au kwa kiasi fulani cha chakula chake, aghalabu hupima nyama kwa nafaka: kuku anayenenepa upesi huhitaji mahindi na soya pungufu kwa kila kilo ya nyama, lakini nyama yake ikiwa rahisi walaji huongezeka, na mahitaji ya nafaka hupanda tena. Huko Buhaya, yaani eneo la Bukoba na Muleba magharibi mwa Ziwa Viktoria, kipimo hicho hakikufaa kwa muda mrefu, kwa kuwa zao la ng'ombe lililothaminiwa kuliko yote lilikuwa samadi.

Ng'ombe walichungwa mchana katika rweya, yaani mbuga ya nyasi yenye udongo hafifu, wakalala usiku nyumbani juu ya matandiko ya nyasi, ambayo asubuhi yalizolewa pamoja na kinyesi na kutandazwa kwenye mashina ya migomba. Kwa njia hiyo rutuba ya rweya ilihamia kidogo kidogo kwenye kibanja, shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Ugonjwa wa sotoka ulipoangamiza mifugo ya kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa miaka ya 1890, basi, hasara haikuishia kwenye maziwa na nyama; samadi ya kibanja nayo ilikosekana. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na soko la dunia, ambako ilipeleka ngozi na kahawa, wala si nyama. Kahawa hiyo, ambayo wakulima waliiundia chama kikuu cha ushirika mwaka 1950, kwa kiasi fulani ilikuwa samadi iliyogeuzwa fedha za kigeni, ingawa daftari za forodha hazikuwa na safu ya kuiandikia.

Baadaye miradi iliyofadhiliwa na Uholanzi ilisambaza mitamba chotara kwa utaratibu wa kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe. Chotara hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wa asili, lakini ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, humuua upesi, kwa hiyo hufungiwa bandani na kukatiwa majani, magogo ya migomba na maganda ya ndizi. Anayetaka maziwa zaidi hununua pumba za mahindi na mashudu ya pamba. Na hapo ndipo mfugaji wa Muleba, ambaye chakula chake mwenyewe ni ndizi, anapolazimika kufuatilia bei ya nafaka.