Paa la Kuakisi

Paa la kuakisi ni paa linalorudisha angani sehemu kubwa ya nishati ya jua badala ya kuifyonza. Wako wanaoliita "paa baridi", na wana hoja, kwa sababu kuakisi ni nusu tu ya kazi. Joto ambalo paa limekwisha kulifyonza nalo lazima litoke, kwa mnururisho usioonekana kwa macho. Sifa hizo mbili, uakisi na utoaji joto, hupimwa kuanzia 0 hadi 1.

Bati jipya lisilopakwa rangi laonyesha tofauti ya sifa hizo. Linang'aa hadi kuumiza macho, na uakisi wake hufika karibu 0.6, lakini saa saba mchana huunguza mkono. Chuma kitupu hutoa joto kwa shida, mara nyingi chini ya 0.3, basi joto lililoingia hujilimbikiza na kushuka chumbani. Kutu ikianza, hata uakisi hupungua. Bati hilohilo likipakwa rangi nyeupe ya paa, uakisi hukaribia 0.8 na utoaji joto 0.9. Paa jeusi huweza kupita nyuzi 65 za Selsiasi juani. Jeupe hubaki chini yake kwa nyuzi 20 au zaidi.

Penye viyoyozi, tofauti hiyo huonekana kwenye bili ya umeme, hasa nguvu zinazohitajika mchana wa jua kali. Pasipo viyoyozi hakuna umeme wa kuokoa, ila wakazi hupata nafuu kubwa kuliko mahali pengine popote, hasa nyumba ikiwa ya bati isiyo na dari. Ndiyo maana mji wa Ahmedabad, India, ulipoanza mpango wake mwaka 2017, ulipaka chokaa mapaa ya makazi ya watu wa kipato cha chini. Chini ya paa lenye kizuia joto kinene, faida ni ndogo. Katika nchi za baridi, gharama ya kupasha nyumba joto huongezeka, lakini kidogo tu, kwa kuwa jua la kipupwe ni hafifu na siku ni fupi.

Vumbi, moshi na kuvu hupunguza uakisi ndani ya miaka michache, kwa hiyo paa huhitaji kuoshwa au kupakwa upya. Asiyetaka weupe ana rangi maalumu za kahawia au kijani zinazoakisi miale ya infraredi, ambayo hubeba karibu nusu ya nishati ya jua.