Kijana wa Swansea na Kijana wa Rungwe

Filamu ya Submarine ya Richard Ayoade ilipovuka Atlantiki kwenda kwenye kumbi za Marekani mnamo Juni 2011, ilikuwa imeongezewa kitu ambacho watazamaji wa Uingereza hawakukiona ilipotoka kwao mwezi Machi. Kilikuwa barua. Kabla ya picha ya kwanza, maandishi yanajitokeza kwenye kioo, na mwandishi wake ni Oliver Tate, mvulana wa miaka 15 ambaye ndiye mhusika mkuu. Anawasalimu Wamarekani. Anawaeleza kuwa anatoka Wales, nchi jirani ya England ambayo wao bado hawajaivamia. Anawatajia watu mashuhuri waliozaliwa kwao, kisha anawaomba waipe heshima filamu yake, ambayo kwa bahati si ndefu.

Barua hiyo inachekesha, lakini naichukulia kwa uzito. Filamu ndogo ya nchi ndogo inapokwenda ugenini lazima awepo mtu wa kuitambulisha. Submarine haikukosa wabebaji: mwigizaji Ben Stiller alikuwa mtayarishaji mtendaji wake, na kampuni ya Weinstein ndiyo iliyoisambaza Marekani baada ya kuoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2010. Hata hivyo aliyesimama mlangoni kupokea watu ni mtoto wa Swansea mwenyewe, kwa maneno yake na kwa majivuno ya umri wake. Nataka kuliweka jambo hili karibu na namna nyingine ambazo kukua kwa vijana kumesimuliwa na kusafirishwa, hasa huku Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa, ambako hadithi za aina hii zimejaa na kioo cha sinema hakijazigusa.

Oliver ana kazi mbili. Ya kwanza ni kumpata Jordana Bevan, msichana wa shuleni kwao. Ya pili ni kuokoa ndoa ya wazazi wake, inayoyumba tangu mpenzi wa zamani wa mama yake alipohamia nyumba ya jirani. Baba yake, Lloyd, ni mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyezama katika sonona. Nyumbani hakuna shangazi wa kumwita mvulana pembeni, hakuna mjomba wala babu. Kwa hiyo anapeleleza. Anakagua swichi ya taa ya chumbani kwa wazazi wake, ile inayozungushwa kupunguza mwanga, ili ajue kama usiku uliopita walikuwa mke na mume au walilala tu kila mmoja na upande wake. Swichi haijasogea, naye anahesabu miezi.

Mzee wa Rungwe au Kyela akiliona tukio hilo atashtuka kwa sababu ambayo mtazamaji wa London hatakuwa nayo. Wanyakyusa, wenyeji wa huko, walijenga vijiji vizima ili jambo hilo lisitokee. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walikuta kwamba mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka kwa wazazi akaenda kulala na wenzake wa rika lake, katika vibanda walivyojenga wenyewe pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Sababu waliyopewa watafiti ilikuwa wazi: ni aibu mtoto anayekua kujua mambo ya usiku ya baba na mama yake. Mchana wavulana walichunga ng'ombe na kulima mashamba ya baba zao. Wakati wa kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walikaa hivyo hadi wakawa vijana, wakaoa, na kibanda cha watoto kikageuka kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa ya ubusoka. Moto wa zamani ulizimwa ukawashwa mpya, na vijana wakakabidhiwa nchi.

Tazama jinsi tamaduni hizi mbili zinavyolikabili tatizo lilelile. Huko Swansea mvulana anabaki ndani ya nyumba, ukuta mmoja na wazazi wake, na kila kitu anachotaka kujua anakitafuta peke yake. Huko Rungwe jamii iliona hatari hiyo mapema ikamtoa mtoto nje, ikampa wenzake. Ndiyo maana sauti inayosimulia Submarine ni ya mtu mmoja anayesema na nafsi yake mwanzo hadi mwisho. Filamu ya kijiji cha rika ingekosea kama ingemchagua kijana mmoja ikamfuata kama kamera ya Ayoade inavyomfuata Oliver. Ingehitaji sauti nyingi, mabishano ya usiku, utani wa watu waliolala mkeka mmoja kwa miaka kumi.

Kipimo kizuri cha tofauti hii ni ugonjwa wa mama yake Jordana. Ana uvimbe kwenye ubongo, anasubiri upasuaji, na Jordana anamhitaji Oliver awe karibu. Oliver haendi hospitali. Amejaza kichwa chake mantiki ya kwa nini asiende, na kosa hilo ndilo linalomvunja moyo msichana na hatimaye kumkomaza mvulana. Kwa mtazamaji wa Iringa tukio hili ni zito kuliko pengine Ayoade alivyokusudia, maana huku kumwona mgonjwa si jambo la kijana kujifikiria. Anabebwa na wenzake, na wanakwenda. Katika kijiji cha rika mama anayeugua ni mama aliyewalisha wote. Filamu ya Uingereza inamwacha mvulana agundue wajibu baada ya kuukosa. Mila ya Rungwe ilimtia wajibu mwilini kabla hajawa na maneno ya kuuhoji. Siwezi kusema moja imeshinda nyingine. Oliver anapotubu, anatubu kwa akili yake mwenyewe, na hilo lina thamani ambayo kundi haliwezi kumpa mtu.

Tena umoja ule wa rika ulikuwa wa wavulana. Wasichana wa Unyakyusa walichumbiwa wangali wadogo na kuolewa mapema, huku kaka zao wakingoja ng'ombe wa mahari, waliokuwa mikononi mwa baba, hadi miaka 25 hivi. Wala Submarine haina haki zaidi: Jordana tunamwona kwa macho ya Oliver tu. Kwa upande huu filamu ya kwetu imewatangulia wote wawili. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, inamfuata Yasmin, msichana wa Unguja wa miaka ya 1950 aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, akakimbia. Nayo ilianzia Toronto, mwaka 2021, katika tamasha lilelile lililoipokea Submarine, kisha ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Filamu zote mbili zilizaliwa na riwaya. Ya Ayoade ilitokana na kitabu cha Joe Dunthorne wa Swansea, kilichotoka 2008. Hilo tulishike, nitalirudia.

Kukua kwa vijana wa Rungwe nako kulishavuka bahari, miaka 60 kabla ya Oliver. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya rika, na kwa kitabu hicho Wanyakyusa wakajulikana katika vyuo vikuu vya dunia kuliko wanavyojulikana katika shule nyingi za Tanzania. Wilson hakuwapuuza watu wake. Ameweka humo kauli zao nyingi, na kitabu kina heshima. Lakini mwenyeji alizungumza kwa mtafiti, mtafiti akazungumza na dunia, kwa Kiingereza. Vijana wenyewe hawakupata nafasi ya kusimama mlangoni. Wala sidai kwamba mgeni hawezi kusimulia vizuri: Ayoade mwenyewe alizaliwa London kwa baba Mnigeria na mama Mnorwe, si mtu wa Wales hata kidogo. Alichofanya ni kumwachia mvulana wa Swansea kipaza sauti.

Iringa ina hadithi ya aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mwingereza W. B. Mumford aliendesha shule ya bweni Malangali, katika Mufindi ya leo, akijaribu kuingiza mila za Wahehe, Wabena na majirani zao ndani ya masomo, ili kijana asome bila kung'olewa kwao. Jaribio halikudumu, lakini swali lake lilibaki, na aliyelijibu kwa nguvu zaidi ni mwandishi wa riwaya. Katika Mirathi ya Hatari, iliyochapishwa 1977 na Tanzania Publishing House, C. G. Mung'ong'o anamchukua Gusto, kijana msomi wa Ubena, huko Njombe, iliyokuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, na kumkabidhi urithi wa baba yake. Urithi huo si shamba wala ng'ombe. Ni uchawi.

Naomba msomaji aliyeiona Submarine akumbuke kaseti. Lloyd anapojua kuwa mwanawe amepata mpenzi, anampa kaseti aliyoirekodi mwenyewe: nyimbo za kuchangamsha penzi linapoanza, na mwishoni nyimbo za huzuni, kwa siku ambayo penzi litavunjika. Ni zawadi ya baba asiyejua kuongea. Ndani yake amemrithisha mtoto furaha yake na sonona yake kwa pamoja. Gusto naye anapokea mikononi kitu kilichomtengeneza baba yake na kinachoweza kumwangamiza yeye. Hapa ndipo Swansea na Ubena zinapokutana kweli, bila kulazimishwa na mhakiki: kukua ni kupokea mzigo wa baba na kuamua utaufanya nini. Tofauti ni uzito wa mzigo. Kaseti ya Oliver inamhusu Oliver tu. Mirathi ya Gusto inagusa ukoo na kijiji kizima, na kosa lake haliwezi kufutwa kwa kuomba msamaha ufukweni, kama Oliver anavyofanya mwishoni.

Riwaya hii haijapewa filamu inayoistahili, na sababu zinafahamika. Filamu za Kitanzania zimejengwa Dar es Salaam na pwani, na macho ya watazamaji yamezoea jua lile. Mvulana wa Mbeya mwenye koti zito la Juni, ukungu ukiwa umeufunika mlima Loleza, ni picha tusiyoiona, ingawa mamilioni ya Watanzania wanaishi ndani yake. Swansea ni mji wa mvua, na Ayoade aliifanya mvua na makoti kuwa sura ya filamu. Mji wa Tukuyu, huko Rungwe, unapata mvua nyingi kuliko Swansea.

Sababu nyingine inasemwa mara nyingi, nami siikubali: kwamba watazamaji wetu wanataka mapigano na mapenzi ya kelele, hawana subira na filamu tulivu ya kijana anayewaza. Wanaosema hivi wanasahau vibanda umiza. Katika mabanda yale ya video, televisheni moja mbele ya mabenchi, watu wamezoea kwa miaka mingi filamu za Hong Kong, Marekani na India zikiwa zimewekewa sauti ya Kiswahili na watu kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Lufufu hakutafsiri maneno tu. Aliwatambulisha wahusika, akaeleza desturi za kigeni, akamkemea mhalifu, akatia hekima zake. Hiyo ndiyo kazi ya barua ya Oliver, ila imefanywa na mpokeaji badala ya mtumaji. Mtazamaji aliyelelewa na sauti ile hawezi kushindwa na filamu inayosimuliwa na mvulana mwenye maneno mengi.

Wakenya wameshathibitisha kuwa filamu ya mtoto inaweza kupokelewa. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyooneshwa tamasha la Berlin mwaka 2018, mtoto Jo ana ugonjwa usiopona, na kijiji kizima kinaungana kumfanya aamini ana nguvu za shujaa, hadi wanamtengenezea filamu. Mmoja wa wanaoongoza kazi hiyo ni kijana wa banda la video, msimuliaji wa filamu za wengine. Ni filamu ya utoto ambayo ndani yake hakuna anayeachwa peke yake, na Berlin ilielewa bila kuelezwa sana. Naiona kuwa bora kuliko Submarine kwa jambo moja: imepata umbo linalolingana na jamii yake. Submarine inaizidi kwa ujasiri wa kumwonesha mtoto akiwa mbinafsi, mwongo na mwenye kuumiza watu, bila kumpunguzia. Filamu zetu bado zinamwogopa mtoto wa namna hiyo. Zinamtaka awe mwathirika au mfano mwema. Gusto si huyu wala yule.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wenye kamera, na wengi wanazo sasa, wasingoje kuitwa Dar es Salaam. Itafuteni Mirathi ya Hatari, isomeni, mwendeeni mwenye haki za kitabu mkaombe ruhusa kwa maandishi. Nendeni Rungwe na Kyela mkawarekodi wazee waliosimuliwa na baba zao habari za vijiji vya rika, kwa Kinyakyusa, kabla hawajaondoka. Maneno ya filamu ayaandike kijana aliyekulia huko, kwa lugha anayoitumia na wenzake. Shafi alipata Shivji wake baada ya miaka 22. Mung'ong'o anakaribia kungoja miaka 50.