Mshahara wa Messi Naujua, wa Binamu Yangu Siujui

Wasee, kuna kitu kimenikera wiki nzima na leo lazima nikitoe.

Mshahara wa Messi naujua. Mwaka 2023 orodha ilitoka: dola milioni 20.4 kwa mwaka pale Inter Miami, mshahara wenyewe ukiwa milioni 12 na zilizobaki ni pesa nyingine za mkataba. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni karibu bilioni 3. Yaani niko hapa Bula Iftin, stima imeenda, feni imekufa, jasho linanitiririka, na najua mfuko wa mtu aliye Miami. Lakini binamu yangu, mtoto wa abti, anachezea timu ya ligi za chini huko Nairobi (jina siwapi) na sijui analipwa ngapi. Mbaya zaidi, hata yeye hajui. Ijumaa alinipigia: "Walalo, nitumie nauli ya kwenda mazoezi." Mchezaji wa mpira anaomba nauli kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Fikiria hiyo.

Nikaanza kusoma. Imekuwaje Marekani mishahara ya wachezaji iko wazi vile? Nilidhani ni roho nzuri ya mabosi. Zii. Historia yake ni ngumu kuliko nilivyofikiri.

Kabla ya MLS kulikuwa na ligi inaitwa NASL, iliyoanza 1968. New York Cosmos wakamleta Pelé 1975 kwa mamilioni, klabu nyingine zikaiga huku hazina watazamaji wa kutosha, na baada ya msimu wa 1984 ligi nzima ikafa. Kwa hiyo MLS ilipoanza 1996, wenye pesa waliamua kosa hilo halitarudiwa. Wakatunga mfumo ambao mchezaji hasaini na klabu, anasaini na ligi yenyewe. Elewa maana yake: huwezi kuambia timu moja, "jirani yako ameniahidi zaidi." Jirani na yeye ni bosi mmoja. Ni kama uende Soko Mugdi kuuza mbuzi wako, ukute wanunuzi wote wana mfuko mmoja.

Wachezaji waliliona hilo mapema. Mwaka 1997 wanane kati yao, kesi ikibeba jina la Iain Fraser, walienda kortini. Walishindwa mwaka 2000, na rufaa ikagonga mwamba 2002. Ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini mwaka uliofuata chama cha wachezaji kikaundwa, na hicho chama ndicho kinachotoa orodha. Nenda mtandaoni sasa hivi: kuanzia 2007, jina kwa jina, mshahara kwa mshahara. Ligi haikutoa zawadi yoyote.

Na 2007 ni mwaka mtamu wa kuanzia, kwa sababu ndipo David Beckham alipoingia LA Galaxy. Orodha ilimwonyesha na dola milioni 6.5. Humo humo, kwenye ligi hiyo hiyo, kulikuwa na vijana wa daraja la kukuza vipaji wanaolipwa dola 12,900. Kwa mwaka, si kwa wiki. Nimepiga hesabu kwa simu: Beckham alikuwa anakula mishahara yao 500. Kwa shilingi za wakati huo, kijana kama huyo alipata kama elfu 72 kwa mwezi, na kodi ya nyumba ya Los Angeles inamsubiri.

Aibu ile, ikiwa imeandikwa mahali kila mtu anaiona, ikawa silaha. Kwenye makubaliano ya 2010 wachezaji walikaribia kabisa kugoma. Yale ya 2015 yalipopita, aliye chini kabisa kwenye kikosi hakuruhusiwa kulipwa chini ya dola 50,000. Mwaka 2018 kima hicho kilikuwa 54,500, na hapo ndipo hadithi inatugusa sisi. Januari mwaka huo Seattle Sounders walimsaini Handwalla Bwana, aliyezaliwa Mombasa 1999 kwa wazazi waliokimbia vita Somalia, akapitia kambi ya wakimbizi hapa hapa Kenya. Mtu akitoka Dadaab anajua hiyo safari bila kuelezwa. Kijana alikuta sakafu imeshajengwa. Kuna watu aliokuwa hawajui hata majina yao, waliopoteza kesi akiwa bado mtoto mchanga.

Sasa vuka mpaka uende Mexico, uone ligi yenye pesa lakini yenye giza. Huko kulikuwa na kitu wanaita makubaliano ya waungwana. Hayakuandikwa popote. Mkataba wako ukiisha, klabu nyingine haikuchukui mpaka ya zamani ikubali au ilipwe. Yaani umemaliza kazi na bado wewe ni mali ya mtu. Ligi ya wanawake ilipoanza 2017, klabu zilielewana kimya kimya: aliyezidi miaka 23 asipate zaidi ya peso 2,000 kwa mwezi, aliye chini ya hapo peso 500. Peso 2,000 zilikuwa kama dola 100 na kitu. Mazee, kuna wasichana waliocheza mbele ya maelfu ya watu kwa pesa hiyo. Septemba 2021 tume ya ushindani ya serikali ikapiga faini klabu 17, shirikisho na watu wanane, jumla ya peso milioni 177.6. Ubaya wa siri ni huo: ilichukua miaka kujulikana.

Tukirudi nyumbani, sitadanganya kwamba shida yetu ni siri tu. Pesa yenyewe imekimbia. SuperSport waliondoka 2017. SportPesa wakaondoka 2019 baada ya mvutano wa leseni. BetKing walikuja 2020 na ahadi ya bilioni 1.2 kwa miaka mitano, hawakumaliza hata miwili. 2022 FIFA wakatufungia. Wakati huo Tanzania walikuwa wamesaini na Azam 2021: zaidi ya bilioni 225 za kwao kwa miaka 10. Hata kabla ya mkataba huo Kahata alikuwa ameenda Simba na Joash Onyango akafuata, na baadaye Duke Abuya akaenda Yanga. Siwalaumu, ningekimbia kabla yao.

Lakini hata hiyo kidogo iliyobaki, nani anajua inaenda wapi? Hapa hakuna orodha ya jina kwa jina. Binamu yangu alisaini karatasi kwenye boneti ya gari, mtu akaikunja akaweka mfukoni. Nakala hakupewa. Kuna mwezi alipata elfu nane, mwezi mwingine elfu tatu, mwezi mwingine soda.

Nauli nilimtumia. Halafu nikamwambia, abti yangu, kabla ya mazoezi mwulize meneja nakala ya ile karatasi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nikiuliza nitawekwa benchi." Nikamwambia awaulize wenzake kwanza, waende wakiwa wengi. Jana usiku amenitumia ujumbe: wako saba.