Ugumu, Nguvu na Ukakamavu: Funzo kutoka Kizimba cha Gari la Mashindano

Neno "ugumu" limebebeshwa mizigo mingi mno katika maandishi yetu ya ufundi. Jiwe ni gumu, ngozi iliyokauka ni ngumu, na bomba lisilokubali kupindwa nalo huitwa gumu. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina madhara, lakini katika karakana linaweza kugharimu maisha ya mtu. Katika makala haya tunakusudia kulidhihirisha hilo kwa kutazama historia ya mabomba yanayoundiwa vizimba vya magari ya mashindano.

Kizimba ni kiunzi cha mabomba kinachofungwa ndani ya gari ili paa lisimponde dereva gari linapobingirika. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wameviona vizimba hivyo katika magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika mashindano ya Formula 1, ambayo magari yake hayana paa, tao la kukinga kichwa cha dereva lilifanywa kuwa sharti mwaka 1961.

Bomba lenyewe lina historia ndefu zaidi. Zamani bati la chuma lilikunjwa, kisha kingo zake zikaunganishwa, na mshono huo ukawa ndio mahali pa kuhofiwa. Mwaka 1885 ndugu wawili wa mji wa Remscheid, Ujerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walivumbua njia ya kutoboa pande la chuma chenye moto likizungushwa baina ya rola. Hivyo ndivyo lilivyopatikana bomba lisilo na mshono.

Swali lililofuata lilikuwa: bomba la madini gani? Waliotafuta wepesi waliitazama alumini. Mwaka 1969 kampuni ya Porsche ilitoa gari la 917 ambalo kiunzi chake chote kilikuwa cha mabomba ya alumini. Mabomba hayo yalijazwa gesi, na kushuka kwa kipimo cha gesi kulikuwa ishara kwamba pamepasuka. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya uzito wa chuma; lakini pia hukataa kupindwa kwa theluthi moja tu ya kiasi cha chuma. Sifa hiyo ya kukataa kupindwa ndiyo tunayopendekeza iitwe "ukakamavu", kutokana na kitenzi kukakamaa.

Wengine walichagua chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu, ambacho kilikuwa kimetumika sana katika viunzi vya ndege. Chuma hiki hustahimili mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja kuliko chuma cha kaboni kidogo. Sifa hiyo ni "nguvu". Walakini, ukakamavu wa vyuma hivi viwili ni karibu sawa, na uzito wao pia. Faida yake, basi, hupatikana pale tu fundi anapotumia bomba lenye ukuta mwembamba zaidi. Aidha, chuma hiki kikichomelewa kisha kikapoa upesi, sehemu iliyo kando ya kiungo huwa ngumu na nyepesi kuvunjika. Hapo ugumu wenyewe umegeuka kuwa adui.

Kioo ni mfano mzuri. Ni kigumu kiasi cha kukwaruza shaba, lakini kikianguka sakafuni huvunjika. Kizimba hakitakiwi kuvunjika. Hutakiwa kujikunja polepole na kuimeza nguvu ya pigo. Sifa hiyo tunaiita "ustahimilivu".

Kwa sababu hiyo kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, hazikukimbilia chuma kigumu. Zimetaja chuma cha kaboni kisichozidi asilimia 0.3, katika bomba lisilo na mshono lililovutwa likiwa baridi. Kwa tao kuu zimetaja kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 2. Tena zinamtaka mchaguzi azingatie chuma kinachorefuka vyema kabla ya kukatika na kinachochomeleka vizuri.

Sasa tumfikirie fundi anayesoma kitabu cha Kiswahili kinachomwambia tu achague "chuma kigumu". Atakuwa ametii maandishi, na huenda dereva akafa. Kosa litakuwa la istilahi, wala si la fundi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba "ugumu" ubakie kwa ukinzani wa kukwaruzwa na kubonyezwa, "nguvu" kwa mzigo unaostahimiliwa, "ukakamavu" kwa kukataa kupindwa, na "ustahimilivu" kwa kupokea pigo bila kuvunjika. Maneno yote manne tunayo tayari. Kilichobaki ni kuyagawia kazi na kuiheshimu migawanyo hiyo.