Ukingo wa Barabara Haukusogea

Ni desturi kumlaumu dereva. Rimu ya alumini ikichubuliwa na ukingo wa barabara, watu husema mwenye gari hajui kuegesha, na fundi anayeirudishia sura yake huonekana kuishi kwa uzembe wa wenzake. Historia ya gurudumu inatoa hukumu nyingine. Madereva wamekuwa wakigonga kingo tangu kingo zilipoanza kujengwa. Kilichobadilika ni gurudumu lenyewe, na waliolibadilisha ni wabunifu wa magari. Kazi ya kukarabati rimu ilizaliwa pale kifaa cha kubeba uzito kilipogeuzwa kuwa pambo, na kinga yake ikaondolewa wakati huohuo.

Alumini iliingia kwenye gurudumu kupitia mashindano. Metali hii ilikuwa ghali mno hadi mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuizalisha kwa umeme. Mwaka 1924 Ettore Bugatti alipeleka Lyon, kwenye Grand Prix ya Ufaransa, magari yake ya Type 35 yenye magurudumu ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, na ngoma ya breki ikiwa sehemu ya gurudumu. Alitafuta wepesi, na alitaka joto la breki litoke upesi. Muda mrefu ulipita kabla ya rimu za aina hiyo kufika kwa mnunuzi wa kawaida. Porsche walipoleta 911 S katikati ya miaka ya 1960, waliivalisha rimu za kufuliwa kutoka kiwanda cha Otto Fuchs cha Meinerzhagen, Ujerumani, zenye umbo la petali tano, na mwaka 1970 kampuni ya BBS ikaanzishwa katika mji mdogo wa Schiltach. Tangu hapo kijana aliyeendesha gari la familia aliweza kununua dukani sura ya gari la mashindano.

Sura hiyo ilikuja pamoja na tairi fupi, na hapa ndipo ushahidi ulipo wazi zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 tairi la Pirelli P7 lilionyesha kwamba ukuta mfupi wa mpira hulifanya gari litii usukani haraka. Wengine wakafuata, kisha wakapitiliza. Volkswagen Golf GTI ya 1976 ilivaa tairi za 175/70 kwenye rimu za inchi 13, na hesabu rahisi inaupa ukuta wake kimo cha milimita 122 hivi. GTI ya siku hizi yenye rimu za inchi 18 huvaa 225/40, yaani milimita 90. Zaidi ya sentimita tatu za mpira zimeondoka kati ya metali na lami, na spoku, ambazo zamani zilijificha ndani, sasa mara nyingi zimesogea hadi usawa wa ukingo wa rimu. Watengenezaji wa tairi wenyewe wamekiri pengo hilo kwa vitendo, kwani tairi nyingi fupi leo zina mbavu ya mpira inayotokeza kuikinga rimu.

Mtu anaweza kusema kwamba rimu za chuma nazo zilikwaruzwa. Ni kweli, lakini zilifunikwa kwa kifuniko cha bei ndogo, zilipakwa rangi ya kawaida, na chuma kilichopinda kiligongwa kikanyooka; nani angelipia kuondoa mkwaruzo asiouona? Hoja nzito zaidi ni ya breki: magari yamekuwa mazito na yenye kasi, diski zimekua, na rimu lazima izizunguke. Hoja hiyo inatosha kueleza sehemu ya ukuaji. Haielezi kwa nini gari lilelile, lenye breki zilezile, huuzwa na rimu za inchi 16 kwa mwenye fedha kidogo na za inchi 18 kwa mwenye nazo.

Ufundi wa ukarabati nao ulikusanywa kutoka kwingine. Kuchomelea kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi kulitokana na kazi ya Russell Meredith katika kiwanda cha ndege cha Northrop mwanzoni mwa miaka ya 1940, akitafuta njia ya kuunga magnesi. Rangi ya unga, inayookwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi, ilitoka Ujerumani ya miaka ya 1950. Mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta ililazimika kununuliwa pale viwanda vilipoanza kuuza rimu zenye uso uliokerezwa ukang'aa chini ya vanishi. Vanishi hiyo ikichubuka, unyevu hupenya na kutu nyeupe hutambaa chini yake, na dawa ni kukereza upya. Kila mara metali kidogo huondoka, kwa hiyo kazi hiyo hairudiwi mara nyingi.

Lipo jambo ambalo rangi haiwezi kulirekebisha. Rimu nyingi za kumiminwa hutengenezwa kwa alumini yenye silikoni asilimia 7 na magnesi kidogo, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 540 hivi, huzimwa ghafla majini na kupashwa tena kwa joto dogo kwa saa kadhaa. Nguvu yake inatokana na safari hiyo ya joto. Moto wa kuchomelea huifuta mahali palipoguswa, bila jicho kuona tofauti. Ndiyo sababu naitetea kazi ya kusafisha mikwaruzo na kupaka rangi, na napinga kuchomelea ufa kwenye spoku. Mafundi wengine hujibu kwamba wamechomelea miaka mingi bila ajali. Lakini metali huchoka polepole, mzunguko baada ya mzunguko, na mteja ambaye rimu yake imepasuka njiani huenda asirudi kwa fundi yuleyule kumweleza. Wapo pia wanaoiona kazi yote kuwa anasa. Kilo moja ya alumini mpya hula takribani kilowati-saa 14 za umeme kwenye uyeyushaji peke yake, na rimu moja huweza kufikia kilo 10. Kutupa rimu nzima kwa sababu ya mkwaruzo ndiyo anasa.

Afrika Mashariki tofauti hii kati ya mkwaruzo na ufa ina uzito wake. Magari ya mtumba kutoka Japani hushuka Mombasa na Dar es Salaam na rimu za spoti, na huku adui mkubwa ni shimo la barabarani. Shimo hupinda rimu au kuipasua, na mara nyingi jeraha huwa upande wa ndani, usioonekana gari likiwa limesimama. Kuinyoosha kwa kupasha moto kwa gesi na kugonga nyundo kunaiharibia nguvu ileile iliyopatikana kiwandani. Anayenunua rimu iliyotumika aombe tairi livuliwe, alitazame pipa lote la rimu kwa ndani na shina la kila spoku, kabla hajaulizia bei.